Mandvi ya Kutch, mji uliotuletea kotia: hasa mwenye mji alikuwa nani?

#1 Mwana_wa_Malindi (Unguja)

Wakuu, amani iwe kwenu.

Mwezi uliopita nilikuwa Gujarat, India, kumuuguza mkwe wangu. Alipopata nafuu nikapanda basi kwenda kuuona mji ambao marehemu babu yangu hakuchoka kuutaja: Mandvi, pwani ya Kutch. Babu alikuwa hamali pale Forodhani, na kila kaskazi ikianza kuvuma alikuwa akihesabu kotia, yale majahazi makubwa, zinazoingia kutoka huko.

Ni mji mdogo. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu elfu 51 na kidogo. Mto Rukmavati unaingia baharini ubavuni mwa mji, na kwenye kingo zake ndiko majahazi yanakoundwa hadi leo, juu ya mchanga, juani. Nilisimama chini ya chombo kimoja ambacho mataruma yake yameipita nyumba ya ghorofa mbili. Fundi alikuwa amechuchumaa anashindilia nyuzi za pamba zilizorowekwa mafuta katikati ya mbao mbili, patasi mkono huu, nyundo mkono ule, tak-tak, tak-tak. Kalafati ileile ninayoijua tangu utoto. Nikauliza ramani ya chombo iko wapi, akajigusa kichwa kwa ncha ya patasi.

Sasa kilichonileta humu. Nilimuuliza mwenye nyumba ya wageni, zamani mji huu ulikuwa wa nani? Akasema wa Rao, mtawala wa Kutch aliyekaa Bhuj. Mzee aliyekuwa akinywa chai pembeni akakataa: mji ulikuwa wa mahajani, yaani jumuiya ya matajiri wa biashara. Jioni nikamuuliza kijana mmoja pale chomboni, akasema mji ni wa Makharva, mabaharia. Watu watatu, wenye mji watatu.

Mimi nasimama na yule mzee. Nasema Mandvi iliendeshwa na wafanyabiashara, Rao akipelekewa fungu lake tu. Na mtindo huohuo ndio aliokuja nao Jairam Shivji, mtu wa Mandvi, alipokodi forodha ya Unguja kwa Sayyid Said. Wanaojua waseme.

#2 Hesabu_Kali (Dar es Salaam)

Uzi mzuri mkuu, ila nina marekebisho mawili kabla watu hawajaanza kunukuu.

La kwanza: Jairam Shivji alikuwa Mbhatia wa Kutch, yaani wa jamii ya Wahindu wa biashara, hilo sawa. Lakini ukoo wake kwa kawaida hutajwa kuwa wa Mundra, bandari nyingine ya Kutch, mashariki ya Mandvi. Watu huichanganya miji hii miwili kwa sababu matajiri walikuwa na nyumba na mawakala kote kote.

La pili ni zito zaidi. Mandvi ilianzishwa na Rao mwenyewe, Khengarji wa Kwanza, yuleyule aliyeifanya Bhuj makao makuu mwaka 1549. Mandvi ikafuata kama 1580. Ukuta uliouzunguka mji, malango yake, minara yake, yote ni kazi ya dola. Mtu akijenga nyumba, akaweka mlango na bawabu, huwezi kusema nyumba ni ya wapangaji.

#3 Bint_Badala (Mombasa)

Asalaam aleikum nyote.

Mimi nasoma nikitabasamu kwa sababu nyumbani kwetu Mji wa Kale mjadala huu ulikuwa kila Idi. Sisi ni Mabadala, Waislamu mabaharia wa Kutch. Baba yake bibi alizaliwa Mandvi na akazikwa Mombasa. Bibi alikuwa akisema hivi: tajiri ana mali, Rao ana askari, lakini chombo kikishapita kina kirefu mwenye amri ni nahodha. Kwake yeye mji ulikuwa wa wanaojua kuondoka na kurudi.

Tena kuna kitu nataka kuwaonyesha. Bibi aliacha kopo la vifungo, na ndani yake mna sarafu moja kubwa ya fedha wanayoiita kori. Upande mmoja una maandishi kama ya Kiarabu, upande mwingine ya Kihindi, na katikati kuna mkuki wa ncha tatu, mwezi mwandamo na jambia fupi. Iko kwa kaka yangu Kisauni, nitaifuata.

#4 Nipo_Kibarazani (Tanga)

Nimekaa mkeka, endeleeni. Swali la mtu asiyejua: hilo neno Mandvi maana yake nini?

#5 Mama_Leicester (Uingereza)

Nimezaliwa Dar, Mtaa wa Kisutu, sasa miaka mingi niko Leicester. Kikachi, lugha ya Kutch, ni lugha ya mama yangu, Kiswahili ni lugha ya utoto wangu, basi nijaribu.

Mandvi kwa Kigujarati ni mahali pa kutozea ushuru, banda la forodha. Ndiyo maana Mandvi ziko nyingi: iko ya Kutch, iko ya wilaya ya Surat, iko ndani ya Mumbai, na Vadodara kuna jengo la Mandvi katikati ya mji wa kale. Kwa hiyo Mwana_wa_Malindi, babu yako alikuwa anasimama Forodhani anapokea vyombo vilivyotoka Forodhani. Mimi hilo lilinishika moyo nilipolitambua.

Lakini ukienda Mandvi kwenyewe wapo watakaokuambia jina limetoka kwa Mandavya, mtawa wa kale anayetajwa katika Mahabharata, kwamba alikuwa na makao yake pale. Na ukifika Saurashtra, upande mwingine wa Gujarat, ukisema "mandvi" utaletewa njugu! Kule ndivyo wanavyoita karanga.

#6 Nipo_Kibarazani

Kumbe watu wanagombania mji wa njugu 😄 Asante Mama, forodha imekaa vizuri zaidi.

#7 Baharia_Mdogo (Bagamoyo)

Mimi nashangaa hakuna aliyesema jambo kubwa kuliko yote. Mtu wa Mandvi ndiye aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi ya Kenya hadi Calicut ya India mwaka 1498! Aliitwa Kanji Malam. Shuleni tulifundishwa ni Ahmad ibn Majid, lakini Wakachi wanamdai kuwa ni wao. Mji wenye watu kama hao hauwezi kuwa wa Rao wala wa wauza nguo.

#8 Hesabu_Kali

Baharia_Mdogo, hesabu haikubali. Da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili 1498 akafika Calicut tarehe 20 Mei. Mandvi imeanzishwa kama miaka 80 baadaye. Huwezi kuwa mtu wa mji ambao haujajengwa.

Hata hivyo siyatupi yote. Habari za Wareno zinamtaja rubani kama mtu wa Gujarati, na jina walilomwandikia ni Malemo Cana. Ibn Majid aliunganishwa na safari ile na maandishi ya baadaye, na wataalamu wengi hawalikubali hilo. Kwa hiyo Mgujarati, inawezekana kabisa. Wa Kutch, labda. Wa mji wa Mandvi, hapana.

#9 Kusi_na_Kaskazi (Lamu)

Hapo kwenye Malemo mjukuu wangu ameninyanyua kitini. "Malemo" ni mwalimu! Sisi wa vyombo, mwalimu ndiye anayejua nyota na kina, nahodha ni mwenye amri ya chombo. Wakachi wanasema *malam*, sisi twasema *maalim* na *mwalimu*, wote tumelichukua kwa Waarabu. Yule aliyempeleka Mreno hakuandikwa jina, aliandikwa kazi.

Nimewahi kupanda kotia ya Kutch nikiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kama mbeba maji. Ilikuwa na sanduku la mwalimu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mwana wa tajiri mwenye shehena aliyekuwa anasafiri nasi. Kijana yule alitaka siku moja kuliegemea tu, akaondolewa na maneno makali mbele yetu wote. Naungana na bibi yake Bint Badala.

#10 Diwani_Mstaafu (Morogoro)

Ndugu zangu, mnazungumza ya kale tu, na kichwa cha uzi kinauliza mwenye mji. Nimekaa baraza la madiwani miaka kumi, nikaanza kusoma namna Wahindi wanavyoendesha miji midogo. Nieleze ninavyoelewa.

Mandvi ina baraza liitwalo *nagarpalika*. Sheria ya jimbo ni ya 1963, lakini nguvu ya kikatiba ilikuja na marekebisho ya 74 ya katiba ya India, yaliyoanza kazi Juni 1993. Kabla ya hapo serikali ya jimbo iliweza kulivunja baraza na kukaa bila uchaguzi kwa muda inaotaka. Sasa likivunjwa, uchaguzi lazima ufanyike ndani ya miezi sita. Vijiji vya jirani havimo, vina mabaraza yao ya *panchayat* chini ya marekebisho ya 73 ya mwaka huohuo.

Mji umegawanywa kata, na kwa Gujarat kila kata inatoa madiwani wanne. Tangu uchaguzi wa 2015 nusu ya viti ni vya wanawake, tena ni viti vya kuchaguliwa na wananchi katani, si vya kugawiwa na chama baada ya kura. Hapo nilisimama nikafikiri sana. Madiwani wanamchagua mwenyekiti wao, *pramukh*, na muda wake ni miaka miwili na nusu, si mitano. Katikati ya kipindi anachaguliwa mwingine, na kiti hicho pia huzunguka: zamu hii mwanamke, zamu ile mtu wa tabaka lililoachwa nyuma.

Lakini mwenye kalamu ni mwingine. Anaitwa afisa mkuu, anateuliwa na serikali ya jimbo kutoka Gandhinagar, makao makuu ya Gujarat, kama mkurugenzi wetu anavyoteuliwa. Na ushuru wa mizigo inayoingia mjini, uliokuwa chakula cha halmashauri za Gujarat, ulifutwa na jimbo. Baraza likabaki na kodi ya majengo, ada ndogondogo na ruzuku kutoka juu. Mji ambao jina lake ni forodha, hauna tena ushuru wake! Kwa hiyo ukiniuliza leo mwenye mji ni nani, nitakujibu ni yule anayetuma ruzuku.

#11 Mwana_wa_Malindi

Diwani, shikamoo. Hilo la ushuru limenipa jibu la kitu nilichokiona bila kukielewa. Nilipita mbele ya ofisi moja mjini, akina mama kama kumi hivi wamesimama na karatasi, wanalalamikia maji machafu yanayopita mbele ya nyumba zao. Diwani wao, mwanamke wa makamo mwenye sari ya kijani, alikuwa nje pamoja nao, hakuwa ndani. Nikadhani ni mlalamikaji. Mkalimani wangu akaniambia, la, huyu ndiye kiongozi wao, anamsubiri mwenye fedha.

Hesabu_Kali, ya Jairam nimepokea. Ila ukuta si hoja. Ukuta wa Mandvi leo umebaki vipande, mahajani wamebaki na mahekalu yao, nyumba za kulelea ng'ombe wazee na nyumba za wasafiri. Kipi kimeushika mji?

#12 Matrah_76 (Maskati)

Salaam kutoka Oman. Nyumbani tunazungumza Kiswahili, kazini Kiarabu, na jirani zangu sokoni ni Wabhatia wa Kutch, basi pande zote nimezisikia.

Kwanza tueleze mahajani, maana wengine humu watadhani ni mtu mmoja. Ni jumuiya ya wafanyabiashara. Iliamua siku za kufunga maduka, ilisuluhisha madeni, ilikusanya mchango kwa kila mzigo kwa ajili ya hisani. Mfanyabiashara akikaidi, hapigwi wala hafungwi. Hakuna anayemuuzia, hakuna anayenunua kwake, harusi yake haiendewi. Mkubwa wao, *nagarsheth*, ndiye aliyekwenda kwa mtawala kusema na kusikilizwa.

Na Rao hakuwa na mkono mrefu kama Hesabu_Kali anavyodhani. Nyuma yake kulikuwa na *bhayad*, ndugu zake wa ukoo wa Jadeja, kila mmoja na ngome yake na vijiji vyake. Kuna kipindi Kutch ilikatika kabisa: mwaka 1809 Fateh Muhammad alikuwa ameishika Bhuj, na Hansraj ameishika Mandvi, na kila mmoja alitia saini makubaliano yake na Kampuni ya Waingereza. Mji mdogo ukatia saini kama nchi! Miaka kumi baadaye, 1819, Waingereza wakamwondoa Rao Bharmalji na kumweka mwanawe mdogo chini ya baraza la walezi, na wao wenyewe wakakaa katika baraza hilo.

Na mtindo wa kukodi forodha haukuanzia Unguja. Hapa Maskati pia Wabhatia waliikodi. Sultani anapata kiasi kilichopatanwa kwa mwaka, kinachozidi ni cha aliyekodi. Ukoo wa Khimji Ramdas, ulioanza biashara hapa mwaka 1870, asili yake ni Mandvi kwenyewe, na mkubwa wao Kanaksi Khimji alifikia kupewa cheo cha usheikh, Mhindu wa kwanza kukipata. Watu wa mji ule walijua kuishi na watawala bila kuwa watawala. Hilo ndilo jibu langu.

#13 Mzamia_Hesabu (Nairobi)

Wakachi ninaowajua mimi ni Mapatel wa ujenzi hapa Nairobi. Hao walikuja kama mafundi waashi, si matajiri, na mafundi wao wa Kiafrika ndio waliojenga nusu ya mitaa hii. Nao ni wa Mandvi?

#14 Mama_Leicester

Hapana mwanangu, hao ni Leva Patel, wengi wao wa vijiji vinavyoizunguka Bhuj kama Madhapar na Baladia. Wakulima na waashi. Fedha walizotuma kutoka Kenya na baadaye Uingereza zimefanya Madhapar ijulikane India nzima kwa amana zilizolala benki. Ukipita mchana utaona nyumba kubwa zilizofungwa kufuli, mlinzi na mbwa. Mandvi ni watu wa bahari na duka, shamba si lao.

#15 Mchumi_wa_Pwani (Tanga)

Hakuna aliyegusa kwa nini mji ulidorora, na ukijua nani aliuua utajua nani alikuwa anauhuisha. Enzi zake inasemekana vyombo vya matajiri wa Mandvi vilifika 400. Pembe za ndovu kutoka kwetu, nguo za pamba kutoka kwao.

Kilichouua ni meli za moshi na Mfereji wa Suez, 1869. Meli ya moshi haingoji kusi wala kaskazi, na inahitaji kina ambacho mdomo wa Rukmavati hauna. Bombay ikameza yote. Na juu yake ukaja ugonjwa wa tauni, 1896, ulioanzia Mandvi palepale.

#16 Kusi_na_Kaskazi

Suez imeua Mandvi mwaka 1869, na mimi nimepanda kotia yake karibu miaka mia baadaye? Labda ilikufa ikafufuka. Mimi nasema ni mchanga. Mto ule kila mwaka unaleta mchanga, na mwisho kotia zikawa zinangoja maji makuu ndipo ziingie. Nahodha wetu alikuwa akiulaani mchanga ule.

#17 Hesabu_Kali

Mchumi, tauni ya 1896 unayoisema ilianzia Mandvi ya Bombay, mtaa wa maghala kando ya gati, alikoitambua daktari Acacio Viegas. Mama_Leicester ametuonya mapema kabisa kwamba Mandvi ziko nyingi. Mandvi ya Kutch ilipata tauni pia, mwaka uliofuata, vyombo vikienda na kurudi. Lakini chanzo si pale.

Kuhusu kudorora, mnasahau siasa. Mwaka 1947 India na Pakistan zikatengana, Karachi ikabaki upande wa pili, na Kutch ikageuka kuwa ncha ya mpaka. Serikali ya Delhi ikahitaji bandari badala ya Karachi, ikaijenga Kandla. Mandvi haikuchaguliwa. Kutch yenyewe ilitiwa mikononi mwa Delhi mwaka 1948, ikatawaliwa na kamishna, 1956 ikaunganishwa na jimbo la Bombay, 1960 ikawa Gujarat. Katika miaka 12 mji umebadilisha mabwana mara tatu na hauna reli hadi leo.

#18 Mchumi_wa_Pwani

Nimekubali ya tauni, asante. Ya Suez siiachi. Kandla imejengwa kwa sababu Mandvi ilikuwa imekwisha tayari. Anayezikwa hakuuliwa na mchimba kaburi.

#19 Mjukuu_wa_Ngoma (Kilwa)

Nimesoma kurasa zote nasubiri mtu aseme, hakuna. Pembe za ndovu zilibebwa na nani kutoka bara hadi Kilwa na Bagamoyo? Na vyombo vilivyorudi Kutch havikubeba pembe tu. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza Unguja, Rigby, aliwaachisha huru maelfu ya watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi, na walio wengi kati ya Wahindi hao walikuwa Wakachi. Nyumba nzuri za Mandvi tunazozisifia zina jasho letu ndani.

Na wapo watu wetu kule mpaka leo. Wanaitwa Sidi. Wameishi Gujarat vizazi na vizazi, Waislamu, na Kutch pia wapo. Ngoma yao wanaiita *goma*. Wamepoteza lugha, wamebaki na ngoma. Mwana_wa_Malindi, ulipouliza mwenye mji ni nani, ulimuuliza Msidi hata mmoja?

#20 Mwana_wa_Malindi

Sikumuuliza. Na sina la kujitetea. Nilimwona kijana mmoja pale sokoni, uso ungeniambia ni wa Makunduchi ningeamini, akaniamkia kwa Kikachi nami nikapita. Asante kwa kunirudisha.

#21 Matrah_76

Mjukuu_wa_Ngoma amesema kweli na haiondoki kwa sababu inauma. Niongeze kwamba Rao aliwahi kupiga marufuku kuingiza watumwa Kutch, lakini raia wake wakiwa Unguja walikuwa wakimkwepa kwa kusema wako chini ya Sultani, na Sultani wakimkwepa kwa kusema wao ni raia wa Rao. Ndivyo walivyoishi na watawala wawili.

#22 Nipo_Kibarazani

Uzi umekuwa mzito. Mama_Leicester tupe chai kidogo.

#23 Mama_Leicester

Nitakupa, lakini la Mjukuu tusilifunike. Kwetu nyumbani halikutajwa kamwe, na mimi nimelijua nikiwa mtu mzima, maktaba, peke yangu.

Haya, chai. Mandvi ndiyo nyumbani kwa *dabeli*: mkate mdogo wa mviringo unapasuliwa, unajazwa viazi vilivyopondwa na bizari maalumu, juu karanga za kukaanga, komamanga na ukwaju. Ni wa juzi tu, miaka ya 1960, na anayetajwa kuuanzisha ni Keshavji Gabha Chudasama, aliyejulikana kama Kesha Malam. Mzee wa Lamu umeona? Malam tena, safari hii wa viazi.

Na mkifika nyumba za waliorudi kutoka Afrika mtasikia *mogo*, *jugu*, *fagio*, *kisu*, ndani ya Kikachi. Shangazi yangu Mandvi hajarudi Zanzibar tangu ujana wake, lakini mjukuu akichezea chakula anapigiwa kelele kwa Kiswahili.

#24 Baharia_Mdogo

Mimi nimekubali ya Kanji Malam, ila hamjamtaja Shyamji Krishna Varma! Amezaliwa Mandvi 1857, akasoma Oxford, 1905 akafungua India House London kuwakusanya vijana waliotaka uhuru. Alifariki Geneva 1930 na majivu yake yakarudishwa India 2003. Sasa wamemjengea mnara nje ya mji wenye nakala ya nyumba ileile ya London.

#25 Hesabu_Kali

Sahihi yote, hongera. Na baba yake hakuwa Rao, wala mahajani, wala nahodha. Alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha kushindilia pamba. Hapo umenipunguzia hoja yangu mwenyewe.

#26 Diwani_Mstaafu

Niongeze la 2001. Tetemeko la Januari 26, saa mbili na dakika arobaini na kitu asubuhi, siku ya Jamhuri, watoto wako kwenye gwaride. Kutch yote ilitikiswa, waliokufa ni wengi mno, kama elfu 20 kwa hesabu ya juu. Miji minne iliyovunjika zaidi, Bhuj, Anjar, Bhachau na Rapar, iliundiwa mamlaka maalumu za upangaji, ikapata ramani mpya na barabara pana. Mandvi ilipata nyufa na misiba lakini haikuwa katika ile minne. Kwa hiyo vichochoro vyake vya zamani na nyumba za matajiri zenye roshani za mbao vimebaki, na mabomba na mitaro ya zamani imebaki navyo. Yale maji machafu ya akina mama aliowaona Mwana_wa_Malindi nadhani yana historia hiyo ndani yake.

#27 Bint_Badala

Nimerudi kutoka Kisauni, kori ninayo mkononi. Ni pana kuliko shilingi ishirini yetu, nzito. Nimeisugua kwa majivu kidogo.

Upande wa Kihindi siujui, nimempelekea picha Mama_Leicester. Upande wa pili ni herufi za Kiarabu kwa Kifarsi, nikasoma pole pole. Neno la chini ni Bhuj, na mwaka 1936. Juu nilitarajia Jorji, kwa sababu kaka alisema ni ya Mfalme Jorji. Si Jorji. Ni alifu, ye, dali, wau, re, dali, na hizo dali zina alama ndogo juu.

#28 Mama_Leicester

Upande wa kwetu ni jina la Maharao Khengarji wa Tatu wa Kutch, na mwaka wa Kihindu 1993, ambao ndio 1936. Chini kuna thamani: kori tano.

#29 Hesabu_Kali

Bint, soma tena zile herufi kwa sauti. E-d-wa-rd. Ni Edward wa Nane. Alikalia kiti kuanzia Januari 1936, akakiacha Desemba mwaka huohuo kwa ajili ya ndoa. India ya Waingereza haikupiga sarafu yenye jina lake. Lakini Kutch, kwa sababu ilikuwa na mtambo wake Bhuj na haki yake ya kupiga fedha, iliwahi kuliandika. Unayo mkononi fedha yenye mabwana wawili, mmoja kila upande.

#30 Mwana_wa_Malindi

Na iliyobebwa na baharia mpaka Mombasa.

#31 Bint_Badala

Subhanallah. Miaka yote hiyo imelala na vifungo vya mashati. Baba yake bibi alifanya kazi gani hata akalipwa kori tano, sitajua sasa. Kaka ananiuliza kama ni ya kuuza, nimemwambia asinisemeshe.

Mjukuu_wa_Ngoma, kuna mjomba wangu wa mbali Mundra ambaye ni jirani na nyumba za Masidi. Nitampigia Ijumaa baada ya swala nimwombe awaulize lile swali, kwa lugha yao wenyewe, wajibu wenyewe. Nikipata nitaleta hapa.